Injini yalia, gari haiendi: uongo tunaouziana kuhusu klachi

Tuelewane jambo moja kwanza, maana hapa ndo pesa za watu zinapopotelea. Klachi, yaani kile kinachounganisha injini na giaboksi na kuziachanisha ukikanyaga pedali, ina magonjwa mawili na hayafanani hata kidogo. La kwanza ni kukataa kushika: wakanyaga mafuta, injini inalia, mshale wa revu unapanda, na gari haiongezi mwendo. La pili ni kukataa kuachia: pedali umeikanyaga mpaka chini na gia bado inakwaruza, rivasi ndo usiseme. Sasa mtu ana hili anapewa dawa ya lile, na uongo mwingi wa gereji umezaliwa hapo hapo.

"Gia haziingii, klachi imeisha, teremsha giaboksi"

Ngoja kwanza. Zima injini ujaribu gia. Zikiingia laini injini ikiwa imezimwa halafu zikakataa ikiwa inanguruma, hiyo klachi haiachii, haitelezi. Kama klachi inasukumwa kwa fluidi, fungua boneti uiangalie, kisha pinda chini ya dashibodi upapase ukuta juu ya pedali, kama kuna umajimaji basi masta silinda (pampu ndogo ya pedali inayosukuma fluidi) inavuja, kama pako pakavu nenda kwa slevu, silinda ya pili inayopokea msukumo ule, kule kwenye giaboksi. Gari ya kebo, yaani pedali inavuta waya badala ya kusukuma fluidi, angalia kama kebo imelegea au nyuzi zimeanza kukatika. Na hapa kwetu Mombasa kuna lingine, gari inalala miezi Nyali au Tudor na hewa yote hii ya chumvi, pleti, lile sahani la klachi, inashikana na flaiwili (gurudumu zito la chuma nyuma ya injini) kwa kutu. Yaani pleti nzima kabisa, ina laining (lile tabaka linalosuguana) ya kutosha, na mwenyewe kashapigiwa hesabu ya klachi mpya.

"Inateleza? Ikaze kebo"

Huu ndo unaniudhi zaidi kwa sababu una sura ya ukweli. Kwenye gari nyingi za zamani za kebo, pedali inatakiwa iwe na uchezaji kidogo juu, unaibonyeza kwa kidole inashuka sentimita moja mpaka mbili hivi (kitabu cha gari yako kitakwambia hasa) kabla hujasikia uzito. Ule uchezaji maana yake beringi ya klachi, inayosukumwa ukikanyaga pedali, haigusi presha, yaani kile kifuniko chenye springi kinachoibana pleti kwenye flaiwili. Sasa pleti ikizidi kulika inakuwa nyembamba, vidole vya presha vinasogea kuifuata beringi, na uchezaji unapungua wenyewe mpaka unaisha. Hapo klachi inakuwa kama imekanyagwa nusu muda wote, hata wewe mguu umeuweka pembeni. Fundi akija na spana akaikaza tena amezidisha tatizo! Inatakiwa ilegezwe, uchezaji urudi. Ukishailegeza na bado inateleza, basi sawa, sasa tuongee habari za kuteremsha giaboksi.

Gari za fluidi zina kisa chao. Mtu kaishiwa fluidi ya klachi akamimina oili ya injini au haidroliki iliyobaki kwenye mkebe, "si zote ni mafuta". La hasha. Klachi hizi karibu zote zatumia fluidi ya breki, DOT 3 au DOT 4, soma kifuniko. Ukitia oili ya aina ile raba za masta zinavimba, piston hairudi mpaka mwisho, msukumo wa fluidi unabaki umefungiwa kwenye paipu na klachi inaanza kuteleza bila pleti kuwa na kosa lolote. Cha kupima ni rahisi, klachi ikiwa inateleza mwambie fundi alegeze nati ya kutolea hewa pale kwenye slevu, fluidi ikiruka kwa nguvu na gari ikashika, shida iko juu kwa masta.

"Badilisha oili ya giaboksi, weka nzito"

Hii nadhani imetoka kwa vijana wetu wa tuktuk na boda, na kwao wana haki. Klachi ya pikipiki nyingi na ya tuktuk inaoga ndani ya oili ya injini, kwa hiyo ukiweka oili ya gari yenye vilainishi vyake inaweza kuteleza kweli, ndo maana mkebe wa oili ya pikipiki huandikwa JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi za aina hiyo. Lakini klachi ya gari ya manuali ni kavu. Iko baina ya injini na giaboksi, haitakiwi kuguswa na tone la oili yoyote. Uweke oili nzito, nyepesi, ya bei ghali, pleti haitajua habari hiyo.

Ikiguswa na oili, basi hapo pana sili (raba ya kuzuia oili) iliyokufa, aidha ya nyuma ya krenki, ile shafti ya injini, au ya mbele ya giaboksi. Utazijua kwa pua: oili ya injini ni nyeusi yenye harufu ya kuungua, ya gia ina harufu kali ya salfa, inakaa mkononi hata baada ya kunawa. Na hapo inaingia hadithi ya kuosha pleti kwa petroli, kuipiga msasa na kuirudisha. Laining ikishanyonya oili ni kama andazi, wafuta juu lakini ndani imejaa, ikipata joto inatoa tena. Badilisha pleti na sili pamoja, ukibadilisha pleti peke yake utarudi gereji ile ile ukilalamika umeuziwa spea feki.

Wale wa kumimina soda au kurusha mchanga kwenye tundu la nyumba ya klachi eti ishike, mie sina maneno mengi. Inaweza kushika kidogo, na mchanga huo huo unakula flaiwili na beringi.

"Nunua pleti tu, presha bado nzima"

Giaboksi ikiwa chini, simama uangalie mwenyewe, usitumiwe picha. Shika pleti, angalia vichwa vya riveti. Laining inatakiwa iwe juu ya riveti, Toyota nyingi zimewekewa mpaka wa mwisho wa milimita 0.3, chini ya hapo riveti ziko karibu kuanza kuchora chuma. Halafu geukia flaiwili. Ukiona madoa ya buluu na nyufa nyembamba kama nywele, imepata moto mwingi, ipelekwe lethi ikasawazishwe au ibadilishwe. Presha nayo hiyo hiyo, springi yake ikishaungua inapoteza nguvu ya kubana hata kama kwa macho yang'ara. Kazi kubwa na pesa kubwa ni kule kuteremsha na kupandisha, sasa unaokoa bei ya beringi ili uje ulipe kazi ile yote mara ya pili? Nunua seti, pleti presha na beringi. Na lile vumbi jeusi lililojaa ndani wasipulize kwa kompresa watoto wamesimama pale, laining nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

"Klachi ina kilomita zake, zikifika imeisha"

Hakuna namba. Gari mbili za aina moja, moja klachi inapita kilomita laki moja, nyingine haifiki hata robo, tofauti ni mguu. Nenda Likoni jioni uangalie foleni kwenye mteremko wa feri, upande magari yanapopanda kilima. Kuna dereva kavuta handibreki, nutro, anakunywa maji. Nyuma yake kuna mwenzake anaishikilia gari kwa klachi na mafuta, inasogea mbele inarudi nyuma, mbele nyuma, mwenyewe ajiona fundi kweli. Kila anavyofanya vile pleti inasuguana na flaiwili bila kushika, na harufu ile ya kuungua inayoingia madirishani watu wakadhani ni lori, ni yeye. Kuegesha mguu juu ya pedali njia nzima kutoka Mtwapa mpaka Buxton ni mambo hayo hayo, polepole tu.

Kutaka uhakika, barabara iwe tupu, gia ya nne mwendo wa 50 hivi, kanyaga mafuta ghafla. Revu ikiruka na mwendo ukabaki pale, inateleza. Au gari imesimama, handibreki juu, injini inanguruma, tia gia ya tatu uachie klachi, yatakiwa izime papo hapo, ikiendelea kunguruma jibu umelipata na usirudie rudie maana wazidi kuichoma.

"Ikianza kuteleza weka gia kubwa usiisumbue"

Kinyume kabisa. Gia kubwa ndo inadai nguvu nyingi kutoka kwa injini, na nguvu yote hiyo lazima ipite kwa klachi, ndo maana kuteleza huanza kuonekana gia ya nne na ya tano kwanza. Ukiwa umekwama nayo njiani shuka gia ya pili au ya tatu, mafuta kidogo kidogo, shusha mzigo na abiria wanaoweza kupanda matatu, ukisikia harufu simama ipoe. Kutoka Mazeras kuja mjini una bahati, sehemu kubwa ni mteremko mpaka Miritini. Kwa anayekwenda kusini, Likoni usiende nayo, afadhali uzunguke kwa barabara ya Dongo Kundu, isiyopita feri, ambako hutasimama simama, kwa sababu ikikufia pale kwenye mteremko wa feri na magari yote yale nyuma yako, utaisukuma huku unapigiwa honi na mji mzima.