Mawe sawa, majina si sawa

Ukipita makaburi ya vita yaliyo kando ya barabara ya Bagamoyo, Dar es Salaam, unaona mawe yamepangwa kwa mstari, nyasi zimekatwa, kila jiwe na jina lake. Ndiyo maana wengi husema Waingereza waliwaenzi sawa wote waliowafia, mweupe kwa mweusi. Nimeisikia kauli hii tangu utotoni, na si kweli.

Kanuni ya usawa ilikuwepo kwenye karatasi tangu 1918. Huku kwetu, wapagazi na askari Waafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza hawakuipata. Makaburi yao mengi yaliachwa yakamezwa na pori. Badala ya majina, zilisimamishwa sanamu mwishoni mwa miaka ya 1920. Msogelee askari wa shaba pale katikati ya jiji: ameelekeza singe yake mbele, na chini kuna maneno ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Jina la mtu hata moja halimo.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, inayotunza makaburi ya vita kama hayo ya Bagamoyo, yenyewe ilikiri, ikaomba radhi. Ilikadiria kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina, na huenda wanafika 350,000. Hao ni mababu zetu. Kariakoo yenyewe imepata jina kutokana na kikosi chao cha wapagazi, kwa Kiingereza Carrier Corps, na kila siku tunapita hapo kununua nyanya.