Kupunguza Patisheni ya Linux Bila Kupoteza Data: Maelezo kwa Mafundi na Wasimamizi wa Kompyuta

Tangu shule, SACCO na vituo vya afya hapa Uganda vianze kuhamisha kompyuta zao kutoka diski kubwa za zamani kwenda SSD (diski za kisasa zenye kasi) ndogo, malalamiko ya aina moja yamezidi kutufikia: nafasi imepunguzwa, kompyuta imegoma kuwaka, kumbukumbu za wanachama hazionekani. Tunaamini aliyefanya kazi hiyo alikusudia mema. Lakini mara nyingi chanzo ni kilekile: patisheni imekatwa ikawa fupi kuliko mfumo wa faili uliomo.

Patisheni ni mpaka tu ulioandikwa kwenye jedwali la diski. Mfumo wa faili, yaani mpangilio wa kuhifadhi faili ndani ya mpaka huo, una kumbukumbu yake wenyewe ya ukubwa wake, na mpaka ukisogezwa hauna habari. Dhana kwamba "kompyuta itajipanga yenyewe" tumeisikia mno, na si kweli. fdisk, programu ya kuhariri jedwali hilo, haikuulizi kama faili zako zinaenea. Kwa hiyo hupunguzwa mfumo wa faili kwanza, patisheni baadaye; wakati wa kupanua, kinyume chake.

Kosa la pili ni vipimo. Ukiiambia resize2fs, amri ya kubadili ukubwa wa mfumo wa faili, 40G, inahesabu baiti 42,949,672,960. Ukiiandikia parted, programu nyingine ya patisheni, 40GB, inahesabu baiti 40,000,000,000. Hapo umekata karibu baiti bilioni tatu za mwisho wa mfumo wa faili bila kujua. Kwenye parted andika GiB, inayohesabu kama G ya resize2fs, ukikumbuka kwamba inataka mahali patisheni inapoishia, si ukubwa wake; au tumia sekta, yaani vipande vidogo vya diski: kwa sekta za baiti 512, 40G ni sekta 83,886,080, hivyo patisheni inayoanza sekta ya 2048 isiishie kabla ya sekta ya 83,888,127.

Utaratibu tunaoushauri unakuepusha na hesabu hizo. Tuseme /dev/sda2 (patisheni ya pili ya diski ya kwanza) ina ext4, mfumo wa faili wa kawaida wa Linux, na unataka ibaki 40G. Weka nakala ya data kwenye diski nyingine, kisha hifadhi jedwali la patisheni kwa sfdisk -d, nalo nje ya diski hiyo. Washa kompyuta kwa flashi yenye Linux, maana ext4 haipunguzwi ikiwa inatumika. Endesha e2fsck -f kukagua mfumo wa faili, kisha resize2fs /dev/sda2 38G, chini kidogo ya unachotaka. Ndani ya fdisk, futa patisheni hiyo na uiunde upya kwa sekta ileile ya mwanzo na ukubwa wa +40G. Ikikuuliza kama iondoe alama ya ext4, jibu hapana. Hifadhi, endesha partprobe ili Linux isome jedwali jipya, e2fsck -f tena, kisha resize2fs /dev/sda2 bila kutaja ukubwa. Mfumo wa faili utajaza patisheni yote. GParted, programu ya madirisha, hufanya hatua za kupunguza kwa mpangilio huohuo, na asiyezoea amri aitumie bila aibu. Kwenye LVM, mfumo wa Linux wa kugawa diski bila kutegemea patisheni za kawaida, tumia lvreduce pamoja na --resizefs. XFS, mfumo mwingine wa faili, usijaribu kuipunguza: hamisha data, unda upya, rudisha data.

Usianze bila UPS au betri iliyojaa. Umeme ukikatika katikati ya resize2fs, tegemeo lako ni ile nakala.

Tukumbushane pia Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Anayetunza data binafsi anawajibika kuilinda isipotee wala kuharibika, na "fundi alikosea" hakumwondolei wajibu huo. Kuharibu au kufuta data binafsi kinyume cha sheria ni kosa lenye faini isiyozidi pointi 240 za fedha, yaani shilingi 4,800,000 kwa kiwango cha shilingi 20,000 kwa pointi, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwa hiyo kabla ya kumkabidhi fundi kompyuta, mkuu wa taasisi aandike kibali na ahakikishe kwa macho yake kwamba nakala ipo na inafunguka.

Ikiwa umeshakata fupi na e2fsck inalalamika kwamba ukubwa wa mfumo wa faili unazidi ule wa diski, swali lake la Abort (niache?) lijibu ndiyo. Usiunde patisheni nyingine kwenye nafasi iliyobaki, wala usisakinishe mfumo upya. Data iliyo nje ya mpaka bado ipo mpaka iandikwe juu. Rudisha jedwali la zamani kwa sfdisk kutoka kwenye faili uliyohifadhi, au unda patisheni upya kwa sekta zilezile za mwanzo na mwisho, ndipo uendeshe e2fsck -f.