Jino Lililoacha Kuuma

Mgonjwa akiingia na chupa ya maji baridi mkononi, nusu ya habari nimeshaijua kabla hajakaa kitini. Juzi alikuja mama mmoja wa makamo. Kila dakika mbili anapiga funda, analituliza kwenye shavu la kushoto, analimeza, na jino linaanza tena kupwita. Usiku hakupata usingizi.

"Daktari, ni hili la juu."

Nililigonga la juu, halina neno. Mbaya wake alikuwa gego la chini. Hutokea sana, maana kiini cha jino kinajua kuuma lakini hakijui kuonyesha mahali.

Kiini ni nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, iliyofungiwa ndani ya kuta ngumu. Kidole kikiumia huvimba kitakavyo, ila kiini hakina pa kuvimbia. Ukijilaza, msukumo wa damu kichwani huongezeka, na mgandamizo humo ndani nao hupanda.

Wakosaji wakubwa ni bakteria wanaopenya kupitia jino lililotoboka. Mwaka 1965 watafiti wa Marekani walitoboa meno ya panya mpaka kwenye kiini. Kwa panya wa kawaida, viini vilikufa. Kwa waliolelewa bila kijidudu chochote, kidonda kilijifunika kwa dentini mpya, ile sehemu ngumu inayozunguka kiini, japo mabaki ya chakula yalijaa mle shimoni. Zipo njia nyingine: ufa, kuanguka na bodaboda, hata sisi wenyewe tukichimba kwa kina mno.

Kiini kilichokereka tu hushtuka kwa baridi, kisha hutulia ndani ya sekunde chache. Hicho nakiokoa: naondoa uozo, naziba. Maumivu yakiganda dakika nyingi, au yakija bila kuchokozwa, kiini hakirudi. Kikikaribia mwisho, chai ya moto hukichoma na baridi hukituliza. Ndiyo siri ya ile chupa.

Halafu kinakufa, na jino linanyamaza. Mgonjwa anamshukuru Mungu, simuoni miezi sita. Bakteria wakati huo wanashuka hadi ncha ya mzizi na kuanza kuula mfupa. Nyuzi zinazolishika jino zikivimba, linahisika refu kuliko wenzake. Kuuma mkate ni adhabu, na sasa mgonjwa analionyesha lenyewe bila kukosea. Au linatunga jipu. Au kimyakimya hujengeka uvimbe, granuloma (kinundu cha nyama iliyovimba) au sisti (kifuko chenye majimaji), ambazo kwa eksirei pekee huwezi kuzitenganisha kwa uhakika.

Amoksilini ya duka la dawa haiingii humo: kiini kilichokufa hakina damu ya kuibeba. Uvimbe utanywea, chanzo kitabaki ndani ya mzizi. (Karafuu ya bibi siidharau. Eujenoli, kemikali iliyomo katika mafuta yake, hutia ganzi kweli, nasi huichanganya na oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda.) Ila uvimbe ukishuka chini ya ulimi au shingoni, ukashindwa kumeza au kupumua, usiningoje mimi, kimbilia hospitali usiku huohuo.

Kijana mwingine alikuwa na kipele kwenye ufizi, kinapasuka, kinatoa usaha, kinafunga, hakiumi. Nilipenyeza ndani yake kijiti laini cha gatapacha, utomvu kama mpira tunaojazia mizizi, kifuate njia ya usaha, nikapiga eksirei. Kilipita kando ya jino bovu tulilolishuku na kwenda kuishia kwenye mzizi wa jirani yake, jeupe, zima kwa macho, ambalo alikuwa amelipigiza uwanjani akiwa darasa la sita.