Je, makanisa ya Zanzibar ni ya "watu wa bara" tu?

Wengi Unguja na Pemba wameizoea kauli hii: kanisani huenda watu wa bara, tena kila kabila na kanisa lake. Si ajabu. Wakristo ni wachache visiwani, na wengi kweli wana asili ya bara.

Ila "bara" si kabila moja, na si wote waliokuja juzi. Kanisa la Kianglikana la Mkunazini, Mji Mkongwe, lilianza kujengwa 1873, mwaka soko la watumwa lilipofungwa, papo hapo sokoni. Miongoni mwa waumini wa mwanzo walikuwamo walioachwa huru, Wayao na Wanyasa (watu wa pande za Ziwa Nyasa), kila mmoja na lugha ya kwao. Kilichowakutanisha ni Kiswahili, hiki hiki cha Unguja (Biblia nzima kwa Kiunguja ilitoka 1891). Kwa upande wa Wakatoliki, kanisa la Minara Miwili kulisali Wagoa waliotoka India. Wajukuu wa hao waliobaki ni wazaliwa wa hapa.

Ukitaka kuhakiki, soma ratiba ya ibada mlangoni uone lugha zilizotajwa. Au muulize jirani Mkristo, kwa adabu, babu yake kazikwa wapi.