Kwa nini video hufupika ukiweka transisheni?

Panga klipu mbili za sekunde 10 kwenye programu ya kuhariri video, moja nyuma ya nyingine. Jumla ni sekunde 20. Sasa weka kati yake transisheni ya sekunde moja, ile ambapo picha ya kwanza inafifia huku ya pili ikijitokeza. Video ina urefu gani? Wengi hujibu 21. Baadhi ya programu zitakuonyesha 19, nyingine zitabaki 20, na nyingine zitagoma na kudai kwamba fremu, yaani picha moja moja zinazounda video, hazitoshi. Hiyo 21 utaitafuta sana.

Kosa lenyewe linaeleweka, maana programu ndizo zinazolipalilia. Alama ya transisheni huchorwa katikati ya klipu, na kwenye simu ni kijisanduku kilichokaa juu ya kiungo. Unaichagua kutoka kwenye orodha, unaiburuta, unaiachia mahali pake, sawa na unavyofanya na klipu yoyote. Kitu kikiwa na jina, sura na urefu wa sekunde, nani atadhani hakina picha zake chenyewe? Ndiyo maana kuna mtu atakayeongeza transisheni kujazia video ya harusi iliyopungukiwa na sekunde chache kuufikia mwisho wa wimbo. Anaongeza tano, video inazidi kupungua, na kosa anambebesha kompyuta.

Transisheni ya kawaida haina hata fremu moja ya kwake. Ni kipindi ambacho klipu mbili zinacheza kwa wakati mmoja.

Fundi anayeezeka nyumba Kakamega hapangi mabati ncha kwa ncha, kwa sababu mvua itapenya. Bati la juu hulalia la chini. Mabati mawili ya mita 3 yakilaliana kwa sentimita 15 hayafuniki mita 6, yanafunika mita 5 na sentimita 85. Pale yanapolaliana si bati la tatu, ni yale yale mawili, moja juu ya jingine. Mwenye nyumba akitaka mita 6 kamili ana njia moja tu: mabati yawe marefu kuliko sehemu itakayoonekana. Programu inayokupa sekunde 19 imezilaza klipu zako kama zilivyo. Inayobaki na 20 imepata urefu wa ziada mahali fulani.

Mahali hapo ni kwenye kile ulichokata. Ukipunguza klipu, kwa kawaida programu haifuti kitu, inakificha tu. Tuseme umerekodi mashua ikifika ufuo wa Dunga kwa sekunde 14 ukatumia 10 za katikati. Sekunde 2 za mwanzo na 2 za mwisho bado zipo nyuma ya pazia. Ukiunganisha na klipu ya mama akigeuza samaki kwenye karai, na transisheni ya sekunde moja ikakaa katikati ya kiungo, mashua itaendelea nusu sekunde kupita pale ulipoikata, na samaki wataanza nusu sekunde kabla. Kwa video ya fremu 25 kwa sekunde, hizo ni fremu 12 au 13 kila upande.

Katika kila fremu ya kipindi hicho kazi ni hesabu tu. Chukua nukta moja ya picha yenye mwanga wa 200 kwenye mashua na 40 kwenye karai, kwa kipimo cha 0 hadi 255. Robo ya safari, programu inachukua asilimia 75 ya ya kwanza na 25 ya ya pili: 160. Katikati ni 120. Hesabu hiyo inahitaji namba mbili. Klipu ikiwa imeisha, namba ya pili inatoka wapi? Programu ya Premiere Pro hukuonya, kisha hurudia fremu ya mwisho, na mashua inaganda majini huku samaki wakiendelea kukaangika. Nyingine, Final Cut Pro, hukuuliza kama ikate kidogo kingo za klipu ili zilaliane, na hapo ndipo video inapofupika. Transisheni zenye fremu za kwake ni chache, kama Morph Cut ya Premiere Pro, ambayo kweli hubuni fremu za katikati kuficha mruko wa uso wa mtu anayehojiwa.

Sharti hili ni la zamani kuliko kompyuta. Mpigapicha wa filamu aliweza kufunga tundu la lenzi polepole, akarudisha filamu nyuma fremu zile zile, kisha akalifungua tena tundu polepole kwenye tukio jipya: picha mbili kwenye kipande kimoja cha filamu. Enzi za kanda za video, mashine mbili zilitosha kukata na kuunganisha, lakini kuyeyusha picha moja ndani ya nyingine kulihitaji tatu, mbili za kucheza kwa pamoja na moja ya kurekodi. Hapo hakuna aliyedhani transisheni inatoka hewani. Mashine yake ilikuwa na bei.

Hizo sekunde zilizofichwa nazo zina vituko vyao. Ulizikata kwa sababu. Pengine mpigapicha alikuwa anashusha kamera, na sasa katikati ya viapo vya maharusi vinapita viatu vyake kama mizimu. Sauti ikilaliana pia, utasikia nusu ya neno "tosha!" chini ya kwaya. Dawa ni kuacha kamera irekodi kwa utulivu sekunde mbili tatu kabla na baada ya tukio.

Kufifia hadi giza hakuna tatizo hili kimantiki, kwa kuwa klipu ya kwanza huzimika kabla ya pili kuwaka. Picha za mnato nazo hazigomi kabisa: hazina mwisho, programu huzirefusha itakavyo. Aliyejifunzia kwenye albamu za picha anaweza kuhariri muda mrefu bila kukutana na lile onyo.