Metali na simetali: elektroni za nje zimeshikwaje?

Wengi wetu tulikaririshwa kwamba metali hung'aa, hufulika, huvutika kuwa waya, hupitisha umeme na joto, na kwamba simetali ni kinyume chake. Kisha zikaja "isipokuwa": isipokuwa zebaki, isipokuwa grafiti, isipokuwa almasi. Nimefundisha kemia miaka mingi, na orodha hiyo siipendi. Si ya uongo, ila inamtwisha mwanafunzi mzigo wa sifa zisizoambatana, ilhali karibu zote zina chimbuko moja: namna atomi inavyozishika elektroni zake za nje.

Nasema "metali" kwa makusudi. "Chuma" ni jina la jamii nzima na papo hapo ni jina la elementi moja, ile yenye alama ya Fe, na nimeona majibu mengi ya mtihani yakiharibika kwa sababu hiyo tu.

Tazama mstari wa tatu wa jedwali la elementi, unaoanza na sodiamu na kuishia na agoni. Kung'oa elektroni ya kwanza kwenye atomi za sodiamu kunadai kilojuli 496 kwa kila moli (kipimo cha idadi kubwa maalumu ya atomi). Kwa klorini ni 1251, kwa agoni 1521, yaani mara tatu ya sodiamu. Kadiri unavyokwenda kulia, protoni huongezeka kwenye kiini huku elektroni mpya zikiingia kwenye ganda lilelile, hivyo mvuto hukaza. Ukishuka ndani ya kundi, yaani safu ya wima ya jedwali, mambo hugeuka: maganda huongezeka, elektroni ya nje hukaa mbali na kiini na kulegea. Sesiamu, iliyo chini ya sodiamu, hudai 376 tu. Ndiyo maana metali zimejaa kushoto na chini, na simetali zimejibana kwenye pembe ya juu kulia.

Ulegevu huo ndio unaozaa sifa tulizokariri. Atomi za metali zikikusanyika, elektroni za nje haziwi tena za atomi moja, bali huzunguka kipande kizima. Ukiunganisha betri, hutiririka. Ukipasha ncha moja, huchukua joto na kulipeleka ncha ya pili. Mwanga ukizipiga, huurudisha, nasi tunaona mng'ao. Ukigonga kwa nyundo, matabaka ya atomi huteleza lakini elektroni zinazozunguka huendelea kuyashikamanisha, na hivyo dhahabu hufuliwa hadi unene wa takriban sehemu moja ya elfu kumi ya milimita bila kukatika. Gonga salfa uone: inakuwa unga, kwa kuwa molekuli zake hazina kitu cha aina hiyo cha kuzishikilia.

Ugumu, kwa upande wake, si kipimo kizuri. Sodiamu hukatwa kwa kisu na huelea juu ya maji, wakati huohuo ikimenyuka nayo kwa nguvu. Kiwango cha kuyeyuka nacho hakisaidii: tungsteni huyeyuka kwenye nyuzi 3422 za Selsiasi, zebaki kwenye nyuzi 39 chini ya sifuri, na zote mbili ni metali halali.

Almasi ndiyo inayonisisimua zaidi. Ni kaboni, simetali, na haipitishi umeme kwa kuwa kila elektroni ya nje imefungwa katika kifungo kati ya atomi mbili. Hata hivyo hupitisha joto vizuri kuliko shaba, hata mara tano. Hapo joto halibebwi na elektroni. Vifungo vyake ni vikakamavu na atomi zake ni nyepesi, hivyo mtikisiko husafiri haraka kutoka atomi hadi atomi. Grafiti ni kaboni ileile, lakini kila atomi huacha elektroni moja ikizurura kwenye tabaka lake, nayo hupitisha umeme.

Oksidi, yaani misombo ya elementi na oksijeni, pia hutoa ushahidi: za metali kwa kawaida huwa besi, za simetali huwa asidi, na ya alumini humenyuka na pande zote mbili.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kupasha moto. Waya wa shaba ukipata joto hupitisha umeme kwa shida zaidi, maana atomi zinazotikisika huzizuia elektroni ambazo tayari ziko huru. Silikoni safi hufanya kinyume: joto huzifungua elektroni zilizokuwa zimefungwa, na umeme hupita kwa urahisi zaidi. Hiyo ni nusu metali, iliyo kati ya metali na simetali.

Silikoni iko kundi la 14, na kundi hilo ndilo ningefundisha kwanza kama ningepewa hiari: kaboni, silikoni, gerimani, bati, risasi. Unashuka kutoka simetali hadi metali bila kutoka kwenye safu hiyo. Bati limesimama hasa mpakani. Katika joto la kawaida ni jeupe, hung'aa na hufulika. Chini ya nyuzi 13 hivi, atomi zake zinaweza kujipanga upya kwa mpangilio uleule wa almasi. Badiliko hilo huwa la polepole, lakini likishika, bati huvimba kwa zaidi ya robo ya ujazo wake, hupoteza mng'ao na kumomonyoka kuwa unga wa kijivu. Kiasi kidogo cha antimoni au bismuthi kikichanganywa ndani yake hulizuia lisigeuke.