Nafasi iliyo chini ya paa si chumba kinachosubiri mbao

Wengi huchungulia juu ya dari, wakaona uwazi mkubwa, wakasema: tutandike mbao, tutoboe dirisha, tumepata chumba cha bure. Sivyo.

Vile vipande vya mbao vilivyokatiza katikati ya kenchi (fremu ya mbao inayoshikilia paa), ambavyo mtu huviona kero, ndivyo vinavyobeba paa. Kenchi hufanya kazi kama pembetatu: boriti ya chini huzivuta kuta zisisukumwe nje, na vile vya katikati huzuia paa lisibonyee. Ukikata kimoja ili upate njia, uzito hauondoki, unahamia kwingine. Paa halianguki siku hiyo, na hapo ndipo watu hudanganyika. Nyufa huja baadaye.

Halafu sakafu. Boriti za dari kwa kawaida huwekwa zibebe dari tu na vitu vyepesi, ilhali sakafu ya kuishi husanifiwa kubeba takriban kilo 150 kwa kila mita ya mraba. Kwa hiyo huwekwa boriti mpya, nene zaidi, zinazoegemea kuta imara.

Na kimo je? Nyumba yenye upana wa mita 8 na paa lenye mteremko wa nyuzi 30 ina kilele cha mita 2.3 hivi. Ukihitaji kimo cha mita 2 ili usimame wima, utakipata kwenye ukanda wa mita 1 tu! Kwa nyuzi 45, ukanda huo hufika mita 4. Paa likiwa limelala, itabidi upande mmoja uinuliwe, na hiyo ni kazi ya mhandisi kwanza, fundi baadaye.